Somo: Jiko la kuni la debe, na mianya inayolifanya liwake

Jiko langu la kwanza nililijenga kwa mawe ya matumbawe, kwa kuwa ndiyo mawe tuliyo nayo Lamu na nyumba zetu zimesimama kwayo karne kwa karne. Nikalipiga plasta, nikalipaka chokaa, majirani wakaja kulitazama. Mwezi wa pili kuta za ndani zikaanza kumomonyoka unga mweupe. Siku moja mchuzi ukafurika, ukamwagikia ndani, jiko likafoka mvuke kama lina jini. Mzee mmoja wa jirani, ambaye ujanani alichoma chokaa, alicheka mpaka akakaa chini. Tumbawe likipata moto mkali, nyuzi 800 na zaidi, hugeuka chokaa mbichi, na chokaa mbichi ikipata maji hufoka. Nilikuwa nimejenga tanuu ndogo nikaiita jiko.

Lakini hata lingekuwa la mawe mengine, lingenishinda. Nilishughulika na ukuta, nikasahau njia ambayo moto na hewa hupita. Wengi wamelipitia hilo. Guatemala, baada ya tetemeko la 1976, watu walifundishwa kujenga jiko la Lorena, bonge kubwa la udongo na mchanga. Lilipokuja kupimwa, mara nyingi lilikula kuni sawa na mafiga au zaidi, maana udongo mzito hunywa joto kabla sufuria haijalipata. Miaka ya 1980 Larry Winiarski, wa kituo cha Aprovecho huko Oregon, Marekani, ndiye aliyepanga kanuni za jiko linaloitwa roketi, na somo hili limesimama juu ya kanuni hizo. Nimezigeuza kwa vitu vinavyopatikana hapa kisiwani na ng'ambo Mokowe.

Vitu vya kutafuta

Debe moja la mafuta la lita 20, lile la pembe nne. Udongo mwekundu wa bara, au wa kichuguu ukiupata, ambao ni bora zaidi. Vumbi la mbao. Matondoni, wanakounda majahazi, hulikosi. Samadi kavu ya punda. Majivu mengi yaliyochekechwa. Bati, mkasi wa bati, vipande vitatu vya nondo, tepu ya kupimia. Na mizani, ile ya dukani ya kupimia sukari inatosha. Mizani usiiache.

Hatua ya kwanza: vigae vyepesi

Chumba cha moto kinatakiwa kiwe chepesi na chenye vitundu, kwa sababu hewa iliyonaswa ndani ya vitundu ndiyo inayozuia joto lisikimbie. Ponda udongo, uchekeche, uloweke usiku kucha. Changanya kopo moja la udongo na makopo mawili ya vumbi la mbao, kisha tia kopo moja la samadi ya punda iliyofikichwa. Usikunje uso. Punda hula majani makavu na samadi yake ni nyuzi tupu, nazo hushika kigae kisipasuke kinapokauka. Kikichomwa, vumbi na nyuzi huungua zikaacha vitundu.

Tumia kalibu ya mbao utoe vigae vya unene wa sentimita 3. Unahitaji vinne vya kusimama kuzunguka shimo la sentimita 12 kwa 12, kimoja cha sakafu, na vidogo vitatu vya mdomo wa jiko: viwili vya ubavuni na kimoja cha juu. Vigae vitatu vya kusimama viwe na kimo cha sentimita 30. Cha mbele kiwe cha 18 tu, ili chini yake ubaki uwazi wa sentimita 12, ndio mlango wa kuni.

Vianike kivulini, si juani. Wiki nzima, na wakati wa kusi, hewa ikiwa na unyevu, hata mbili. Mimi niliwahi kuharakisha nikavitia motoni vikiwa na maji ndani, vikalipuka kama fataki za Maulidi. Vichome shimoni kwa makumbi ya nazi na kuni, uviache vipoe humo humo mpaka asubuhi. Kigae kizuri ukikibeba unashangaa wepesi wake, na ukikitia majini kinaelea kidogo kabla ya kunywa maji. Kikizama papo hapo kama jiwe, ongeza vumbi la mbao, uanze tena.

Hatua ya pili: debe

Kata juu ya debe lote. Ubavuni, kuanzia sentimita 4 kutoka chini, kata mlango wa sentimita 12 kwa 12. Mwaga majivu makavu chini, weka kigae cha sakafu kisimame sawa na ukingo wa mlango, kisha simamisha vile vinne. Unganisha mlango na chumba kwa vile vidogo. Nafasi iliyobaki kati ya vigae na bati, ambayo ni chini kidogo ya sentimita 3 kila upande, ijaze majivu. Gongagonga debe yashuke, ongeza tena. Yasiwe na makaa, wala yasiguse maji, kwa kuwa yakilowa hushikana na kupoteza kazi. Juu ziba kwa udongo.

Ndani ya mlango weka kipande cha bati nene kama rafu, sentimita 4 juu ya sakafu. Kuni hukaa juu ya rafu, hewa hupita chini yake na kufika kwenye ncha inayowaka. Rafu hii watu huidharau. Bila yake kuni huziba mlango, hewa baridi hupita juu ya moto badala ya chini, na moshi huanza.

Hatua ya tatu: mianya (hapa usiruke)

Njia ya moto isibanwe mahali popote na isitanuliwe mahali popote. Shimo letu ni 12 kwa 12, yaani sentimita mraba 144. Eneo hilo hilo liendelee kutoka mlangoni mpaka moto unapotoka pembeni mwa sufuria.

Moto ukitoka shimoni huenea pande nne chini ya sufuria. Mzunguko wa shimo ni 12 mara 4, sentimita 48. Gawa 144 kwa 48 upate 3. Basi sufuria iinuke sentimita 3 juu ya shimo. Hiyo ndiyo kazi ya nondo zako tatu.

Sasa nenda kwenye ukingo wa sufuria. Ikiwa upana wake ni sentimita 30, mzunguko ni 94. Gawa 144 kwa 94 upate 1.5. Mwanya kati ya sufuria na bati linaloizunguka uwe sentimita moja na nusu. Kwa hiyo chukua bati la bapa la sentimita 36 kwa 36, lenye tundu la 12 kwa 12 katikati, uliweke juu ya debe. Kisha kunja bati la urefu wa sentimita 104 (kwani 33 mara 3.14 ni karibu na hapo), ongeza 2 za kupindia, ulifanye pete ya kuizunguka sufuria. Pete ifike karibu na masikio ya sufuria. Fundi wangu wa bati aliiita kanzu ya sufuria, na jina likabaki.

Ukipenda jiko bila kanzu ni sawa, litawaka. Ila utakuwa umeacha sehemu kubwa ya faida ya jasho lako, kwa sababu hewa ya moto hupita mbali na sufuria ikienda zake.

Hatua ya nne: pima

Tia lita 5 za maji, pima kilo mbili za kuni kavu, washa, andika saa. Maji yakichemka, zima kuni, pima zilizobaki.

Kuchemsha lita 5 za maji yetu, yanayoanza nyuzi 25 hivi, kunahitaji joto la gramu 100 za kuni kavu tu, ikiwa hakuna kinachopotea. Mafiga kwa kawaida hufikisha kwenye chungu kati ya asilimia 10 na 20 ya joto, ndiyo maana hula nusu kilo mpaka kilo kwa kazi hiyo. Kila gramu iliyozidi 100 ni joto lililokwenda kwenye ukuta, angani, au ndani ya moshi, maana moshi ni kuni iliyotoka bila kuungua.

Badili kitu kimoja, pima tena. Kimoja tu! Ukibadili rafu na kanzu siku moja hutajua kipi kimekusaidia. Na kila mara tumia kuni za aina moja zilizokauka sawa; kuni mbichi huweza kuwa nusu yake maji, na kwanza utakuwa unachemsha maji ya mti.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

*Mwanachama wa Langoni:* Assalam aleikum fundi. Mimi wali wangu wa nazi napalia makaa juu ya mkungu (kifuniko cha udongo), na jiko hili wenzangu wanasema halitoi makaa. Nifanyeje?

Waaleikum salaam dadangu. Wamesema kweli, na hii ndiyo kasoro ambayo wengi wanaozungumzia majiko haya hawaisemi kwa sababu wao hawapalii. Jiko hili huunguza kuni mpaka mwisho, kinabaki kivumbi. Mimi huchemsha na kukausha wali juu ya debe, na kando nina seredani ndogo (jiko la makaa) yenye vifuu. Vifuu vya nazi viwili vitatu vinatoa makaa mazuri ya kupalia sufuria moja. Vianze kuwaka wakati nazi ya pili inatiwa, vitakuwa tayari. Lakini vifuu vyote usivitie kwenye roketi kwa pamoja, huwaka kwa fujo mno.

*Mwanachama wa Matondoni:* Vumbi la mbao ninalo, na vipande vya majahazi makuukuu pia ninavyo, bure. Naweza kuvichoma?

Vumbi, ndiyo, ila la mbao mpya. Mbao za chombo kilichokaa baharini, hapana. Zimenywa chumvi, na chumvi motoni hula bati lako. Kanzu itatoboka mapema. Tena zina rangi, lami na sifa (mafuta ya papa) ya miaka mingi, na moshi wake si wa kuvuta wala wa kugusa chakula. Hali kadhalika maganda ya korosho, mafuta yake huchoma macho na koo.

*Mama wa Shela:* Nimejenga kama ulivyosema na moshi unatoka mlangoni. Mume wangu anasema turudi kwenye mafiga.

Mwambie asubiri kidogo, mama. Ondoa kanzu, uwashe. Moshi ukikoma, mwanya wa kanzu ni mwembamba, au sufuria yako si ya sentimita 30 kama ulivyopigia hesabu. Usipokoma, inua sufuria. Usipokoma bado, tazama mlango: ukisukuma kuni tano kwa pamoja, zile ambazo hazijashika moto hutoa moshi tu. Weka mbili au tatu nyembamba, sukuma ncha kadiri zinavyoungua.

Akajibu baadaye: *Sufuria ilikuwa ya 32. Nimekunja kanzu upya. Mume kanyamaza.*

*Mwanachama wa Mkomani:* Jiko letu liko orofa ya juu, chini ya makuti. Naogopa.

Uogope, ndivyo inavyotakiwa. Ndimi za roketi hupanda, na sufuria ikiondolewa juu ya jiko linalowaka, moto husimama wima. Kanuni ya nyumbani kwangu: kuni hutolewa kwanza, sufuria huondolewa baadaye. Liwe mbali na nguzo, na juu yake tundika bati, si makuti matupu. Mlango usielekee kusi. Upepo ukiupiga, moto hupulizwa nyuma na cheche huruka. Ndoo ya mchanga ikae hapo daima. Na orofa ya juu iliyo wazi ni bahati kwa mapafu, kwa kuwa jiko hili hupunguza moshi, haliumalizi. Ukihamia ndani, weka dirisha na bomba la moshi. Seredani usiilaze chumba cha kulala hata usiku mmoja: hewa ya makaa haina harufu, na huua.

*Kijana wa Kipungani:* Napika bokoboko la harusi, sufuria kubwa, watu wawili tunasonga kwa miiko. Debe si litapinduka?

Litapinduka, na kwa kazi hiyo ni dogo pia. Shimo la 12 ni la sufuria ya nyumbani. Kwa harusi panua shimo liwe 20 kwa 20, kisha rudia hesabu ya mianya yote upya, usikisie. Mwili wake ufanye wa pipa la chuma. Halafu lizungushie ukuta wa mawe nje, uache nafasi ya majivu upana wa kiganja kati yake na pipa. Hapo sasa, ndugu yangu, tumia matumbawe upendavyo. Huko nje hayatapata moto wa kuwa chokaa, na sufuria itakaa juu ya ukuta, si juu ya pipa, hata mkisonga mpaka alfajiri.