Siku mbili shamba, bustani ya kikuba nyumbani

Uwanja wetu wa nyuma hapa Ng'ambo, mjini Unguja, hauzidi mikeka minne, na nusu yake ni saruji. Ukisema huna nafasi, tafuta sababu nyengine. Mwongozo huu ni wa mke na mume wanaotaka kupumzika Jumamosi na Jumapili, warudi na bustani ndani ya pakacha.

Hatua ya 1: Chagueni wakati. Mwisho wa Septemba au mwanzo wa Machi, ili vipando vikishika tu vikutane na vuli au masika. Jua la Januari halina huruma.

Hatua ya 2: Kubalianeni kabla ya kupanda daladala. Sisi tulibishana hadi kituoni. Mwenzangu alitaka vya kuliwa: mchaichai, pilipili mbuzi, tangawizi. Mimi nilitaka kikuba changu, kile kishada cha maua na majani ya kunukia, kitoke uwanjani kwangu, yaani asumini na rehani. (Mkadi, wa kunukia pia, unataka nafasi, huo endeleeni kuununua.) Tukagawana ndoo, tatu zake tatu zangu. Akaitamani na vanila, nikamkatalia: ua lake hufunguka asubuhi moja tu, hapa kwetu lazima ulichavushe kwa mkono, na mmea wenyewe utaungoja miaka mitatu hivi. Si wa kuanzia.

Hatua ya 3: Pumzikeni kwanza. Daladala ya 502 hadi Bububu, wekeni mizigo nyumba ya wageni, kisha pandeni Kidichi mkaone hamamu, nyumba ya kuogea ambayo Sultani Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Nilimuuliza wangu yeye atanijengea nini. Akanunua madafu. Alasiri ogeleeni, usiku kuleni samaki, laleni. Msichukue kipando chochote Jumamosi, kitalala joto na kunyauka.

Hatua ya 4: Jumapili asubuhi, vipando. Mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi yana kila kitu, lakini pigeni hodi, wala msichukue bila kuacha chochote mkononi mwa mtu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba wanangu. Mnatafuta nini?"

Nikamwambia asumini, nikanyoosha mkono kwenye kijiti laini cha kijani. Akanipiga kofi dogo la mkono. Kijiti laini huoza, kigumu cha zamani hakitoi mizizi. Yeye alikipinda kimoja cha katikati, unene wa kijiti cha mshikaki: kikajikunja kidogo, kikarudi. Hicho ndicho. Kata urefu wa shubiri, chenye vifundo vitatu au vinne, kisu kipite mshazari chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, bakisha mawili juu, nayo yakate nusu yasinywe maji yote. Funga kwa kitambaa kibichi, zungushia jani la mgomba, tia ndani ya pakacha.

Mchaichai ng'oeni na mizizi yake, majani yapunguzwe. Mrehani kateni ncha tu, mtie kwenye chupa ya maji. Utatoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili.

Hatua ya 5: Udongo, jioni ile ile. Ndoo za rangi za lita 20 zinatosha. Toboa matundu chini, tandika makumbi ya nazi, hayo hushika unyevu. Kisha changanya udongo mafungu mawili, samadi fungu moja, mchanga fungu moja. Samadi iwe kuukuu: tia mkono ndani, ukihisi joto iache kwanza, itaunguza mizizi. Na mchanga usiwe wa pwani! Mwaka wa kwanza niliuzoa pwani kwa uvivu, mchaichai ukaungua ncha zote kwa chumvi. Maji ya kisima chenye chumvi nayo ni hivyo hivyo.

Hatua ya 6: Panda, kisha acha. Vifundo viwili vya asumini viingie udongoni, bana kwa vidole gumba, weka kivulini wiki nne, maji kidogo kila asubuhi. Usikivute kuangalia kama kimeshika. Mwenzangu alikuwa aking'oa kimoja kila siku, "naangalia tu". Katika sita vilishika viwili. Tangawizi izikeni jicho likitazama juu, mngoje miezi minane hadi kumi. Pilipili ni mbegu tu, haina maneno.

Hatua ya 7: Jua na kuchuma. Majani mapya yakitoka, sogeza ndoo juani taratibu. Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kila ukimaliza msimu wa maua, punguza matawi. Chuma alasiri, tumba likiwa limevimba, jeupe, bado limefumba. Litunge kwa uzi pamoja na rehani, ulifunike kwa kitambaa kibichi. Ikifika isha litakuwa limefunguka lenyewe, na chumba chote kitajua.