Jinsi ya Kudai Malipo ya Likizo Ambayo Hukuitumia Unapoacha Kazi

Mfanyakazi anayeacha kazi huukumbuka mshahara wa mwezi wa mwisho na michango yake ya NSSF, lakini mara nyingi husahau siku za likizo alizozitolea jasho bila kuzitumia. Siku hizo ni fedha. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, katika vifungu vya 31 na 44, inamtaka mwajiri azilipe ajira inapokoma, iwe mfanyakazi amejiuzulu, amepunguzwa au mkataba wake umefika mwisho. Hata aliyeachishwa kwa utovu wa nidhamu, ambaye hukosa kiinua mgongo, hapotezi malipo ya likizo kwa sababu hiyo. Maelezo yafuatayo yanamhusu mfanyakazi wa sekta binafsi, kwa kuwa mtumishi wa umma ana utaratibu wake, na Zanzibar ina sheria yake ya ajira.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu siku unazodai. Sheria inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 28 mfululizo, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa kila mzunguko wa miezi 12, na mzunguko wa kwanza huanza siku ulipoajiriwa. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa kawaida hana haki ya likizo yenye malipo. Siku za ruhusa zenye malipo ulizopewa kwa maombi yako mwenyewe zinaweza kupunguzwa katika zile 28, kwa hiyo zihesabu nawe kabla mwajiri hajakuzihesabia. Kusanya fomu za likizo, barua, ujumbe wa simu na hati za mshahara ukiwa bado kazini, kwa sababu ukishakabidhi kitambulisho na kompyuta ya ofisi, kuzipata kutategemea hiari ya mtu mwingine.

Hapa pana jambo linalowaumiza wengi. Likizo inapaswa kuchukuliwa ndani ya miezi 6 baada ya mzunguko wake kuisha, au ndani ya miezi 12 ikiwa mfanyakazi alikubali kuisogeza na mahitaji ya kazi yalilazimu hivyo. Sheria inasema kwamba asiyeichukua ndani ya muda huo hastahili kulipwa kwa ajili yake. Kwa hiyo anayedai likizo za miaka mitano iliyopita ajiandae kuulizwa kwa nini hakwenda. Jibu lenye nguvu ni maandishi, yaani barua za kuomba likizo zilizokataliwa au kuachwa bila majibu. Kama bado uko kazini na unanyimwa likizo kwa mdomo, omba kwa barua leo na utunze nakala.

Hatua ya pili ni kupiga hesabu ya fedha, nami nasisitiza uifanye mwenyewe kwa kalamu. Jedwali la Sheria linageuza mshahara wa mwezi kuwa wa wiki kwa kuugawanya kwa 4.333, na wa wiki kuwa wa siku kwa kuugawanya kwa idadi ya siku unazofanya kazi katika wiki. Tuseme mshahara wako wa msingi ni shilingi 520,000 na unafanya kazi siku 6 kwa wiki. Wiki moja ni takriban shilingi 120,000, na siku moja ni shilingi 20,000. Mzunguko uliokamilika ambao hukuchukua likizo hata siku moja ni siku 28, yaani wiki 4 kamili, sawa na shilingi 480,000. Ikiwa ulikwenda siku 10, zimebaki 18. Zigawanye kwa 7, kisha zidisha kwa mshahara wa wiki, nawe utapata takriban shilingi 308,600. Kwa mzunguko ambao haujakamilika, sheria inatoa mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi au ulizostahili kufanya kazi. Ukiondoka wiki 26 baada ya mzunguko mpya kuanza, umefanya kazi siku 156, ambazo ukizigawanya kwa 13 unapata siku 12, sawa na shilingi 240,000. Wapo waajiri wanaolipa mshahara wa mwezi mzima kwa likizo nzima, na mkataba unaotoa zaidi ya sheria unapaswa kuheshimiwa, kwa hiyo usome kabla ya kuandika kiasi chochote. Malipo haya hukatwa kodi ya mapato kama mshahara mwingine.

Hatua ya tatu ni barua. Iandike wakati wa notisi, kabla ya siku ya mwisho, uielekeze kwa mwajiri kupitia ofisa rasilimali watu, na iwe fupi:

"YAH: MADAI YA MALIPO YA LIKIZO AMBAYO SIKUITUMIA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ajira yangu inakoma tarehe (itaje). Hadi tarehe hiyo nitakuwa na siku (idadi) za likizo ya mzunguko ulioanza (tarehe) na kuisha (tarehe), pamoja na malimbikizo ya mzunguko ambao haujakamilika. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, naomba nilipwe jumla ya shilingi (kiasi), kama mchanganuo ulioambatishwa unavyoonyesha. Naomba majibu kwa maandishi ifikapo tarehe (itaje)."

Peleka nakala mbili, moja ibaki ofisini na nyingine irudi kwako ikiwa na muhuri, saini na tarehe ya kupokelewa. Ukiambiwa kwamba siku zako za likizo ndizo zitakuwa notisi, kataa kwa heshima na kwa maandishi, kwa kuwa sheria hairuhusu notisi kutolewa wakati wa likizo wala viwili hivyo kwenda sambamba.

Siku ya malipo huwa na karatasi ya kusaini, na mara nyingi ina sentensi inayosema umelipwa stahiki zako zote na huna madai mengine. Linganisha kwanza mchanganuo wao na wako. Ikiwa likizo haimo, andika juu ya saini yako kwamba umepokea kiasi kilichotajwa na kwamba malipo ya likizo bado unayadai, kisha piga picha karatasi hiyo. Dai pia cheti cha utumishi, ambacho mwajiri analazimika kukutolea.

Mwajiri akikataa au akinyamaza, hatua ya nne ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayofahamika zaidi kama CMA. Madai ya aina hii yanapaswa kufikishwa huko ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na aliye salama ni yule anayezihesabu kuanzia siku yake ya mwisho kazini. Ikiwa unapinga pia uhalali wa kuachishwa kwako, muda ni siku 30 tu. Nimeona watu wenye haki ya wazi wakizimaliza siku hizo kwa kusubiri ahadi ya "njoo mwisho wa mwezi," na inaniuma kila mara, maana ahadi ya mdomo haisimamishi siku kuhesabika. Aliyechelewa hulazimika kwanza kujaza fomu CMA F.2 na kueleza sababu za kutosha ili aongezewe muda.

Ukiwa ndani ya muda, jaza fomu CMA F.1, taja malipo ya likizo kwa kiasi chake, mpe mwajiri nakala na utunze uthibitisho wa kuipokea, kisha wasilisha fomu na uthibitisho huo katika ofisi ya Tume ya eneo mgogoro ulipotokea. Unaweza kwenda peke yako, au na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, wakili au mtu mwingine unayemchagua. Msuluhishi ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha, isipokuwa mkikubaliana kuziongeza. Mkiafikiana, hakikisha hati ya makubaliano inataja kiasi na tarehe ya kulipa kabla ya kuisaini. Mkishindwana, omba hati inayothibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana na upeleke shauri kwenye hatua ya uamuzi ya Tume hiyo hiyo, ukiwa na barua yako yenye muhuri, mchanganuo wako na fomu zako za likizo.