Ukikwama kwenye "to", jaribu kuweka "it"

Kwa wanaoandika barua za kuomba kazi kwa Kiingereza: ukisita kati ya "to hear" na "to hearing", ondoa kitenzi, uweke "it" mahali pake. "I look forward to it" inakubali, kwa hiyo andika "I look forward to hearing from you". "I hope to it" haisemeki, basi ni "I hope to hear". Ziko "to" mbili: moja ni kihusishi, hutaka nomino au kitenzi chenye -ing, nyingine ni alama ya kitenzi tu. Hutuchanganya kwa kuwa ku- yetu, kama kwenye "kusikia", husimama badala ya "to hear" na "hearing" pia. Jaribio hili linafaa zaidi kwenye "I am used to waking early", nimezoea kuamka mapema, na "I used to wake early", zamani nilikuwa naamka mapema. Hapo ukikosea, maana yote inageuka.

Linashindwa kwa "agree": "I agreed to it" ni sahihi, lakini husemwa "I agreed to go". Pasipo na "to" pia halisaidii. "Enjoy", "avoid" na "finish" hufuatwa na -ing, na hizo ni za kukariri.