Somo: Mgeni akibisha hodi kundini, apate la kusema

Habari za kazi, wasimamizi wenzangu. Wengi mmenilalamikia jambo moja: watu wanaingia kwenye kundi la WhatsApp, wanakaa kimya, mwezi unaisha hujui kama uliyempokea ni mkulima au dalali. Kundi letu ni la wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi, na ninayoyasema hapa tumeyajaribu wenyewe.

Zamani kila mgeni tulimtumia orodha: jina kamili, umri, elimu, kijiji, ekari, chama cha msingi. Mzee mmoja akaisoma, akatoka siku hiyohiyo. Nilipompigia akaniambia alidhani amekuja kuzungumza na wakulima wenzake, akakuta fomu. Liliniuma, kwa sababu ni kweli. Nani atataja ekari zake mbele ya watu mia mbili asiowajua?

Hatua ya 1. Kabla hajaingia, anayemwalika amweleze pembeni kundi ni la nini, na kwamba namba yake itaonekana na wote.

Hatua ya 2. Aliyemleta ndiye amtaje kwanza, kama unavyofanya ukifika na mgeni msibani au harusini: "Huyu ni shemeji yangu, mikorosho yake iko Kitangari." Mgeni ameshatuliwa nusu ya mzigo. Kisha salamu, na zisikimbizwe. Mkubwa aamkiwe shikamoo. Akitaka kuitwa Mama Zuhura tu, basi ni Mama Zuhura.

Hatua ya 3. Muulize swali moja, dogo, la msimu. Somo lenyewe liko hapa. Usimwambie "jitambulishe", neno hilo linamsimamisha mtu mzima mbele ya darasa. Muulize alichokiona shambani wiki hii. Mikorosho ikianza kuchanua, mwezi wa sita na wa saba: "Kwako maua yametoka? Ubwiriunga umeuona?" Hakuna mkulima wa kusini asiyekuwa na jibu, maana ule unga mweupe ukishika maua, korosho hazifungi, na kuhusu salfa, dawa yake, kila mtu ana lake la kusema. Oktoba: "Umeanza kuokota? Ghala la chama chenu limeshapokea?" Januari, mvua zikiwa zimeshika, muulize kama amepanda muhogo au mbaazi katikati ya mikorosho.

Akijibu hilo, amekwishajitambulisha bila kujua. Mama mmoja wa Nachingwea aliulizwa hivyo, akasema matawi ya mkorosho wake mmoja yananyauka upande mmoja tu. Hadi jioni wenzake walikuwa wanamuuliza umri wa mti, udongo wake, jirani zake wana hali gani, na mmoja akamshauri awaone watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho kilichopo Mtwara. Siku ile tulimjua kuliko fomu yoyote ingetujulisha.

Hatua ya 4. Ajibiwe alichosema. "Karibu sana" kumi na picha za maua haziwi jibu. Sisi tuna wenyeji wawili wa zamu kila wiki, na kazi yao ni kushika neno moja katika maneno ya mgeni na kuliendeleza.

Hatua ya 5. Siku ya tatu, jembe. Jembe letu ni jepesi: atume picha ya mkorosho wake mmoja, au atujulishe bei iliyotoka kwenye mnada wa kwao.

Na taratibu za kundi ziandikeni kwenye maelezo ya kundi. Ujumbe wa zamani mliobandika juu, kwa kawaida mgeni haoni, maana ulitumwa kabla hajaingia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Newala: Dada, shikamoo. Wazee wetu simu wanazo, kuandika hawapendi. Tufanyeje?

Marahaba, mdogo wangu. Watume sauti. Na nyie vijana msiwajibu kwa maandishi marefu, mjibuni kwa sauti pia. Asiyeweza kabisa, mwanawe amsemee, ila baba awe amekubali.

Mwanachama, Ruangwa: Mtu akinyamaza miezi miwili tumtoe?

Hapana. Wapo wanaosoma tu na shamba likafaidika. Ninayemfuata pembeni ni yule anayeingia msimu wa minada, hasemi atokako, kisha anaanza kuwaandikia watu mmojammoja akitafuta mzigo. Huyo namuuliza wazi kama ananunua kangomba, yaani korosho za kichinichini nje ya chama na mnada. Asiponijibu, namtoa siku hiyohiyo. Kangomba imepigwa marufuku, na anayeumia ni mkulima mwenye shida ya haraka.

Mwanachama, Lindi mjini: Mimi ni mwanamke, nikitaja kijiji na jina langu napigiwa simu usiku na watu nisiowajua. Bado nilazimike?

Usilazimike, mama. Taja wilaya, yatosha. Msimamizi naye asikusanye majina na namba zenu akampa mfanyabiashara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu mtu wa namna hiyo. Anayekupigia usiku nitumie namba yake. Kwetu hilo halina onyo la pili.

Mwanachama, Tandahimba: Wakiingia ishirini kwa mpigo?

Wakaribishe kwa tarafa. Wa Mahuta leo, wengine kesho.