Kufunga inveta kwenye gari la safari: anza na waya

Mpiga picha akikaa ukingoni mwa Mto Mara tangu alfajiri akisubiri nyumbu wavuke, betri za kamera zinaisha kabla hata lanchi boksi haijafunguliwa. Hapo inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, inafanya kazi yake: volti 230 ndani ya gari, mgeni anachomeka chaja aliyotoka nayo kwao, siku inaendelea.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Arusha, na kazi yangu kubwa ni Land Cruiser za watalii, zile zilizorefushwa zenye paa la kunyanyuka. Namwandikia fundi kijana, na pia dereva anayetaka kujua gari lake linafanywa nini gereji. Kila mtu anauliza ninunue inveta gani. Wachache wanauliza habari za waya unaotoka betri kwenda kwenye inveta, na moto ukitokea, mara nyingi unaanzia hapo.

Hesabu kwanza. Chaja ya kamera inakula kama wati 20 hadi 30, kompyuta mpakato 60 hadi 100, simu ni kidogo zaidi. Wageni wanne wakichomeka kwa pamoja, inveta ya wati 600 inawatosha na kubaki. Chukua ya wimbi safi, yaani umeme wake unapanda na kushuka laini kama wa nyumbani, ile wauzaji wanayoiita pyua saini. Za bei rahisi zenye wimbi la ngazi hupasha chaja nyingine moto na kuzifanya zivume, na kamera za watu hawa ni ghali mno kufanyiwa majaribio. Birika la umeme linataka wati 2000, draya ya nywele 1500 au zaidi. Hivyo vibaki kempu. Friji ya gari ya volti 12 iunganishe moja kwa moja kwenye betri na fyuzi yake. Kuipitisha kwenye inveta ni kutupa umeme bure.

Kabla ya kununua, pima gari. Land Cruiser yenye betri mbili inaweza kuwa ya volti 12, betri zimefungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), au ya 24, zimefungwa mfululizo (chanya ya moja kwa hasi ya nyingine), na kwa macho zinafanana. Weka mita kwenye waya mkubwa wa stata, ile mota ya kuwashia injini, na bodi ya chuma ya gari, utajua. Ikiwa ni 24, nunua inveta ya 24. Usikubali kuchota volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili. Hiyo moja itachoka, mwenzake atachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema.

Sasa waya. Wati 600 ukigawa kwa volti 12 ni ampea 50, na kwa sababu inveta yenyewe inapoteza kidogo, hesabu 57 hivi. Mkondo huo unataka shaba ya milimita za mraba 16, na umbali kutoka betri usizidi mita mbili. Fanya hesabu uone: mita mbili kwenda na mbili kurudi, waya wa 16 unapoteza kama robo ya volti, hiyo inavumilika. Ukiipeleka inveta nyuma kabisa kwa mita tano na waya uleule, unapoteza zaidi ya nusu volti, inveta inaanza kulia alamu wakati betri bado ina nguvu, na dereva anarudi kukulaumu kwamba betri ni mbovu. Ukitaka mbali, panda hadi 35. Au, bora zaidi, acha inveta karibu na betri na urefushe upande wa volti 230, kwa kuwa huko mkondo hauzidi ampea 3.

Na hakikisha ni shaba kweli. Kuna waya nene zinazouzwa kama shaba kumbe ndani ni alumini iliyopakwa. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, rudisha. Waya wa kubustia gari ndio unaoongoza kwa udanganyifu huu, mpira mnene, chuma kidogo. Nimeletewa gari ambalo waya wa namna hiyo ulipita chini ya zulia, ganda likayeyuka hadi likaganda na zulia. Wageni walikuwa wamekaa juu yake.

Fyuzi inakaa upande wa betri, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye chanya. Watu wengi huiweka karibu na inveta wakidhani wanailinda. Fyuzi inalinda waya. Barabara ya mawimbi kutoka Naabi kwenda Seronera, ndani ya Serengeti, inatikisa kila kitu, waya unasuguana na chuma hadi ganda linatoboka, na kama fyuzi iko mwisho wa waya, kipande chote kilicho kabla yake kinaweza kuwaka bila chochote kukizuia. Kwa waya wa 16 tumia fyuzi ya ampea 80, ile nene ya kufungwa kwa bolti. Kila tundu la bodi waya unapopita liwe na mpira, na waya uvalishwe bomba la plastiki la mikunjo.

Lagi, zile pete za chuma za mwisho wa waya, zibanwe kwa mashine yake ya kubania. Nyundo haifai, na risasi ya kulehemu peke yake haifai pia, maana waya unakuwa mgumu pale na kuvunjika kwa mtikisiko.

Betri ya kuwashia gari isitumike kwa inveta. Inveta nyingi za volti 12 hujizima volti ikishuka hadi 10.5, na hapo stata haizunguki tena. Fikiria mko katikati ya Serengeti, simba mita thelathini, na gari linahitaji kusukumwa. Weka betri ya pembeni ya kutumika polepole, ile wauzaji wanayoiita dip saiko, ampea-saa 100, na kati yake na ya kuwashia weka rilei, swichi ya umeme inayojiendesha yenyewe, inayounganisha volti ikifika kama 13.3 altaneta (jenereta ya injini) ikichaji, na kuachia ikishuka hadi kama 12.8. Waya wa kuunganisha betri hizo unataka fyuzi pande zote mbili. Betri hiyo ya pembeni usiitumie zaidi ya nusu: una wati-saa 600 hivi injini ikiwa imezimwa.

Inveta ifungwe nyuma ya kiti cha dereva, juu ya sakafu, kwenye raba za kupunguza mtikisiko. Isikae juu ya betri, kwa kuwa betri ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka. Isifungiwe kwenye boksi lisilo na hewa, na feni isielekee mlangoni vumbi linapoingia.

Siku ya kuunganisha, toa kwanza hasi ya betri na uirudishe mwisho. Kagua chanya na hasi mara mbili, kwani ukigeuza, inveta inaweza kufa papo hapo. Cheche ndogo unapogusisha mara ya kwanza ni kawaida. Bodi ya inveta iungwe kwenye bodi ya gari kama kitabu chake kinavyosema. Soketi ziwe za pini tatu kama za nyumbani, zenye swichi. Umeme wa kempu usichomekwe kwenye soketi hizo hata siku moja, unarudi na kuunguza inveta.

Jaribu kwa balbu au kifaa cha wati 300 kwa nusu saa, kisha shika waya wa betri, fyuzi na kila lagi kwa mkono. Panapochoma hapajabanwa vizuri. Mwambie dereva azime swichi ya inveta gari likilala, maana hata bila mzigo inakula. Gari likirudi kutoka safari ya kwanza, kaza bolti zote upya.