Waya za meno na likizo ya Dar: yajue haya kabla hujafungwa

Desemba ikikaribia, ndugu walioko Ulaya, Marekani na Uarabuni huuliza swali lilelile: "Nikija likizo Dar naweza kufunga waya za meno? Huku bei haishikiki."

Kufungwa utafungwa, tena ndani ya siku chache. Kazi iko kwenye miezi inayofuata. Matibabu haya kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na kila baada ya wiki 4 hadi 8 daktari anatakiwa aangalie meno yamefika wapi, abadilishe waya au raba. Jino likisukumwa, mfupa wa mbele yake huyeyuka kidogo kidogo na mwingine hujengeka nyuma yake. Hakuna daktari wa kuuharakisha mfupa huo eti kwa sababu tiketi yako ni ya wiki ijayo. Ukiondoka na waya zisizo na mwangalizi, jino linaweza kwenda kusikotakiwa na braketi (kidude kinachobandikwa kwenye jino kushikilia waya) iliyobanduka ikakaa miezi bila wa kuirudishia. Kwa hiyo funga pale utakapoishi kwa kipindi hicho chote, hata kama ni ghali zaidi.

Likizo ya Dar ina faida yake kabla ya hapo. Ziba meno yaliyotoboka, safisha ugaga, tibu fizi, maana waya hazifungwi juu ya fizi zinazovuja damu. Tafuta pia maoni ya pili, iwe Muhimbili au kliniki binafsi, ila uliza waziwazi kama anayekuona ni daktari wa meno wa kawaida au bingwa wa kupanga meno. Umri si kikwazo. Hata mwenye miaka 50 hufungwa, mradi fizi na mfupa ni imara. Aliyekulia Arusha au Moshi akiwa na meno ya kahawia kutokana na floraidi ya maji amwambie daktari mapema: waya hazitoi rangi hiyo, na gundi ya braketi hushika kwa shida kwenye meno ya namna hiyo.

Wenye watoto Uingereza, ulizeni NHS, huduma ya afya ya serikali, kwanza. Mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye tatizo kubwa la mpangilio wa meno hutibiwa bila malipo, lakini foleni ni ndefu, hivyo ombeni rufaa mapema.

Kuna jambo la mwanya. Kwetu mwanya ni uzuri, na wengi wanaupenda wao wenyewe. Daktari wa ng'ambo anaweza kuuona kama kasoro na kuuweka kwenye mpango wa kuzibwa bila kukuuliza. Mwambie siku ya kwanza kwamba unautaka ubaki.

Na unayerudi nyumbani moja kwa moja katikati ya matibabu, usiondoke bila faili lako: picha za eksirei, picha za meno za mwanzo, mpango wa matibabu, aina ya braketi na upana wa tundu linalopita waya (mara nyingi ni inchi 0.018 au 0.022). Daktari wa Dar asipojua hayo anaweza kulazimika kubandua na kuanza upya, nawe ukalipa mara mbili. Dai pia hesabu ya fedha ulizolipia miezi ambayo hutahudumiwa.

Unayekuja kutembea na waya mdomoni, jihadhari na vitamu vya mjini. Mahindi ya kuchoma yapukuchue kwanza, embe mbichi ikatwe vipande vyembamba. Miwa ya kutafuna, kashata na korosho ngumu viache kabisa. Ubuyu una mbegu ngumu na sukari inayoganda pembeni mwa braketi. Braketi zikitolewa, unaweza kukuta madoa meupe pale jino lilipoliwa. Mchuzi wenye binzari hugeuza raba kuwa njano, hilo halina madhara. Siku ukiumwa baada ya kukazwa, mtori au uji vinatosha. Waya ikikuchoma shavu, bandika nta maalumu ya waya za meno juu yake. Beba ya kutosha.

Tafadhali msiwafuate wanaofunga raba za kawaida kwenye meno mawili ili kuziba mwanya. Raba hupanda taratibu chini ya fizi, hukata kinachoshikilia jino, na jino zima hung'oka.

Waya zikitolewa, mfupa bado haujatulia, ndipo riteina, kifaa cha kuvaa ili meno yasirudi yalikotoka, inapohitajika kila usiku. Usiioshe kwa maji ya moto wala kuiacha ndani ya gari lililopaki juani. Jua la Dar huipinda. Ukiwa hotelini usiifunge kwenye tishu, mhudumu ataitupa pamoja na mabaki. Ikipotea ukiwa likizoni, nenda kliniki mapema wachukue umbo la meno na kukutengenezea nyingine, kabla meno hayajaanza kurudi yalikotoka.