Mgombea wa tatu aligawa kura kweli? Hesabu yake hii hapa

Upande ukishindwa kwa kura chache katika uchaguzi wa rais Marekani, msako wa mchawi huanza siku ya pili. Mara nyingi mchawi huwa mgombea wa kimaendeleo aliyesimama nje ya vyama viwili vikubwa: Ralph Nader mwaka 2000, Jill Stein mwaka 2016. Tuhuma hiyo, kwamba kura zake ndizo zilizomwangusha aliyeshindwa, unaweza kuipima kwa kikokotoo cha simu. Ila usiseme "aliharibu kura". Kura iliyoharibika kwetu ni ile iliyotiwa alama vibaya, na hizi ni kura halali kabisa. Sema aligawa.

Anza na jimbo. Jumla ya nchi nzima iache, maana rais hupatikana kwa kura 270 kati ya 538 za wajumbe wanaomchagua kwa niaba ya majimbo, na karibu kila jimbo humpa aliyeongoza wajumbe wote, hata akiongoza kwa kura moja. (Maine na Nebraska hugawa baadhi kwa wilaya za ubunge.) Chukua matokeo yaliyoidhinishwa, achana na yale ya usiku wa uchaguzi, uandike namba tatu: tofauti ya wa kwanza na wa pili, kura za mgombea wa tatu, na wajumbe wa jimbo.

Florida, 2000: tofauti 537, Nader 97,488, wajumbe 25. Wengi hukomea hapo: 97,488 ni nyingi kuliko 537, kesi imekwisha. Kwa kipimo hicho hata James Harris wa chama kidogo cha Socialist Workers, aliyeambulia kura 562 Florida, alimwangusha Al Gore wa Democratic. Kosa ni kudhani wafuasi wote wa mgombea wa tatu wangehamia kwa mtu mmoja. Wapo ambao wangekwenda kwa mpinzani wake, na wapo ambao wasingetoka nyumbani kabisa.

Kwa hiyo gawa tofauti kwa kura za mgombea wa tatu. 537 ÷ 97,488 ni asilimia 0.55. Maana yake, katika kila wafuasi 100 wa Nader, ambao wangemchagua Gore walitakiwa kuwazidi ambao wangemchagua George W. Bush wa Republican kwa chini ya mtu mmoja. Sasa linganisha na walichosema wapiga kura wenyewe. Mahojiano ya kitaifa nje ya vituo mwaka ule yaliwaonyesha wafuasi wa Nader hivi: asilimia 47 kwa Gore, 21 kwa Bush, waliobaki wengi wao wasingepiga kura. Ziada ni 26. Florida inavuka bila jasho, kwa kura kama 25,000.

New Hampshire hupenda kutajwa papo hapo, lakini pigia hesabu: 7,211 ÷ 22,198 ni asilimia 32.5. Ziada ya 26 haifiki. Gore angebaki nyuma kwa kura kama 1,400. Anayesisitiza kwamba Nader alimnyima jimbo hilo alete ushahidi wa New Hampshire yenyewe. Wastani wa taifa ukiuvisha jimbo moja ni shati la kuazima, haukosi kubana mahali.

Kisha uliza kama jimbo hilo lingebadilisha mshindi. Mwaka 2000 Bush alipata wajumbe 271, basi Florida peke yake ilitosha. Mwaka 2016 mambo ni mengine. Kiwango cha lazima kwa kura za Stein kilikuwa asilimia 20.8 Michigan, 73.2 Wisconsin na 88.7 Pennsylvania. Donald Trump alishinda majimbo yenye wajumbe 306. Mpokonye Michigan (16) na Wisconsin (10), bado ana 280. Kila kitu kinaning'inia Pennsylvania, na huko ungehitaji, kwa mfano, 92 kati ya 100 waende kwa Hillary Clinton, 3 tu kwa Trump. Hatuoni namna. Halafu ukimwondoa Stein, mbona Gary Johnson wa chama cha Libertarian, mwenye kura karibu 147,000 jimboni humo, unambakiza? Hapo jibu umelichagua kabla ya kuhesabu.

Hesabu hii hukwama pale wa tatu anapomaliza wa pili, kama Theodore Roosevelt mwaka 1912: chama chake cha Progressive asilimia 27.4, Taft wa Republican 23.2, na Wilson wa Democratic akapita kwa 41.8. Nani alimgawia nani?

Wala usiihamishie Kenya. Mshindi wa huko anatakiwa kuvuka nusu ya kura na kupata asilimia 25 katika angalau kaunti 24, kwa hiyo mgombea wa tatu anachoweza ni kusukuma uchaguzi hadi duru ya pili. Pima ziada ya kiongozi juu ya nusu, na hapo ndipo kura zilizoharibika huwa na uzito: mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alikuwa na asilimia 50.07 zikihesabiwa pamoja na zilizokataliwa, na kama 50.5 bila hizo. Mahakama ya Juu iliamua zisihesabiwe.